Sura ya Sita: Mtumwa na Haramia

Alhamisi ya tarehe 16 Januari 2014, jua la Los Angeles likiwa bado halijachomoza, rais wa Akademia ya filamu ya Marekani, Cheryl Boone Isaacs, alipanda jukwaani pamoja na mwigizaji Chris Hemsworth kutangaza wateule wa tuzo za 86 za Oscar. Nairobi ilikuwa yapata saa kumi na nusu alasiri. Katika makundi ya waigizaji wasaidizi yalisomwa majina mawili ambayo kwetu hayakuwa mageni masikioni: Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu, na Lupita Nyong'o, binti wa aliyekuwa seneta wa Kisumu wakati huo, Profesa Anyang' Nyong'o.

Mmoja alikuwa ameigiza haramia. Mwingine alikuwa ameigiza mtumwa. Wote wawili walistahili kuwapo kwenye orodha ile, na nitaeleza kwa nini nasema hivyo. Lakini tukiishia kwenye fahari tutakuwa tumeusoma mwaka ule nusu tu. Orodha ya wateule hutuonyesha wanaosifiwa, na papo hapo hutuonyesha ni watu wa namna gani ambao Hollywood iko tayari kuwaona katika sura za Kiafrika.

Filamu zilizoshindania tuzo kuu zilikuwa tisa. American Hustle na Gravity ziliongoza kwa kuteuliwa mara 10 kila moja, na 12 Years a Slave ikafuata kwa mara 9. Captain Phillips iliteuliwa mara 6. Dallas Buyers Club, Her, Nebraska, Philomena na The Wolf of Wall Street zikaikamilisha orodha. Sioni katika miaka ya karibuni orodha iliyokuwa nzito kama hiyo. Ukiondoa moja au mbili, kila filamu hapo ingeweza kubeba tuzo kuu katika mwaka mwingine bila mtu kulalamika.

Gravity ilikuwa ajabu ya ufundi. Mwongozaji wake, Alfonso Cuarón wa Mexico, aliitumikia kwa zaidi ya miaka minne, kwa sababu vifaa vya kuipiga havikuwapo alipoanza na ilibidi vibuniwe. Ili sura ya Sandra Bullock imulikwe kama inavyomulikwa sura ya mtu anayezunguka angani, jua likimpiga upande huu na mwanga wa dunia upande ule, walijenga kijumba ambacho kuta zake za ndani zilijaa taa ndogondogo za LED, wakamfunga mwigizaji katikati na kuuzungusha mwanga badala ya kumzungusha yeye. Mpiga picha Emmanuel Lubezki ndiye aliyeusimamia mwanga huo.

Dallas Buyers Club ilikuja kwa njia tofauti kabisa. Ni hadithi ya Ron Woodroof, fundi umeme wa Texas aliyegunduliwa kuwa na virusi vya UKIMWI mwaka 1985, akaanza kuingiza nchini dawa ambazo hazijaidhinishwa na kuwagawia wagonjwa wenzake. Matthew McConaughey alipunguza karibu kilo 20 ili aigize mgonjwa huyo. Bajeti nzima ya vipodozi na nywele ilikuwa dola 250, na kwa dola hizo filamu ikashinda tuzo ya vipodozi na nywele. Mtu aliyeishi Afrika Mashariki katika miaka ambayo dawa za kupunguza makali zilikuwepo Ulaya na Marekani lakini hazikumfikia jirani yake hawezi kuitazama filamu ile kwa utulivu.

12 Years a Slave ndiyo iliyokuwa moyo wa mwaka ule. Solomon Northup alikuwa mtu huru, mkazi wa jimbo la New York, mwenye mke na watoto, hodari wa kupiga fidla. Mwaka 1841 watu wawili walimrubuni kwa ahadi ya kazi ya muziki wakamfikisha Washington. Huko alileweshwa dawa, akazinduka akiwa amefungwa minyororo. Akauzwa Louisiana, na hakuuona tena uhuru mpaka Januari 1853. Mwaka huohuo alichapisha kitabu cha maisha yake. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuja kufungwa miaka ishirini baadaye, mwaka 1873, na hadithi za waliopitishwa pale bado hazijapata filamu yenye uzito kama huo.

Katika shamba la Edwin Epps, Northup alimkuta msichana aitwaye Patsey. Kwa maelezo yake, Patsey aliweza kuchuma ratili 500 za pamba kwa siku, kiasi ambacho hakuna mwanamume shambani aliyekifikia. Sifa hiyo haikumletea nafuu. Bwana alimtamani na kumwingilia, bibi alimchukia kwa sababu ya bwana, na Patsey akapigwa na pande zote mbili kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Steve McQueen, mwongozaji, Mwingereza aliyezaliwa na wazazi kutoka visiwa vya Karibi, aliwajaribu zaidi ya wanawake elfu moja kwa nafasi ya Patsey. Aliyempata alikuwa anamaliza shahada ya uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, na alikuwa hajawahi kuonekana katika filamu hata moja ya Hollywood. Lakini si kweli kwamba Lupita alitokea hewani. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet jijini Nairobi na kundi la Phoenix Players. Alifanya kazi ndogondogo nyuma ya kamera wakati The Constant Gardener ilipopigwa Kenya. Aliigiza katika Shuga, tamthilia ya televisheni ya vijana wa Nairobi, na mwaka 2009 aliongoza filamu yake mwenyewe, In My Genes, kuhusu maisha ya Wakenya wenye ualbino. Watazamaji wa Marekani walimwona kama mgeni kabisa. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshakaa ndani ya kazi hii kwa zaidi ya miaka kumi, sehemu kubwa yake akiwa nyumbani.

Kuna onyesho moja ambalo ndilo lililomshindia, na inafaa tulitazame kwa karibu. Patsey ametoka shambani Jumapili bila ruhusa na amerudi. Epps anamngojea, amekwisha kulewa kwa wivu. Patsey anaeleza alikokwenda: kwa jirani, kuomba sabuni, kwa sababu bibi wa nyumba hampi. Anaionyesha, kipande kidogo kiganjani. Anasema anachuma ratili 500 kila siku, kuliko mwanamume yeyote, na anachoomba ni kuwa safi tu. Anafungwa kwenye nguzo. Epps anamshurutisha Solomon ampige. Kamera inazunguka kutoka uso wa anayepigwa hadi uso wa anayepiga, kisha kwa bibi anayesimama pembeni akichochea, na kwa dakika kadhaa picha haikatwi hata mara moja. Mtazamaji amezoea kwamba mambo yakizidi mhariri atamhurumia na kumpeleka kwingine. Hapa hahurumiwi. Mwisho Patsey anafunguliwa na sabuni inaanguka chini.

Uigizaji mkubwa katika onyesho lile haumo kwenye kilio. Umo kwenye yale maneno kabla ya kufungwa, pale Patsey anapozungumza na anayemmiliki kama mtu mwenye haki. Lupita hakumfanya Patsey awe wa kuhurumiwa tu. Alimpa kiburi cha kazi, kiburi cha fundi anayejua hakuna wa kumfikia. Ndiyo maana mjeledi unaumiza kuliko ambavyo ungeumiza kwa mhusika aliyeandikwa ili alie.

Ushindani haukuwa mwepesi. Katika kundi lake walikuwepo Julia Roberts, Sally Hawkins, June Squibb mwenye miaka 84, na Jennifer Lawrence, aliyekuwa ameshinda Oscar mwaka uliotangulia na aliyependwa na kila mtu mjini. Lawrence alichukua Golden Globe mwezi Januari, kisha akachukua tuzo ya Uingereza, BAFTA, mwezi Februari. Lupita alichukua tuzo ya chama cha waigizaji. Hiyo ndiyo iliyokuwa na uzito, kwa sababu waigizaji ndilo kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa wapigakura wa Oscar.

Njia ya Barkhad Abdi haikufanana na hiyo kwa lolote. Vita vya Somalia vilimkimbiza akiwa mtoto. Alikulia Yemen, akafika Minneapolis mwaka 1999 akiwa na miaka 14. Aliuza simu na kuendesha gari za kukodi. Watayarishaji wa Captain Phillips walipokwenda Minneapolis kutafuta waigizaji, mamia ya Wasomali walijitokeza. Abdi alikwenda na marafiki zake, na wanne kati yao wakachaguliwa kuwa maharamia wanne. Hakuwa ameigiza popote kabla ya hapo.

Kisa chenyewe kinatugusa kwa ukaribu kuliko magazeti ya Marekani yalivyoandika. Meli ya Maersk Alabama, iliyotekwa tarehe 8 Aprili 2009, ilikuwa ikielekea Mombasa na shehena yake ilikuwa na chakula cha msaada. Mabaharia wake walifika Mombasa siku tatu baadaye, nahodha wao akiwa bado mateka ndani ya mashua ndogo baharini. Uharamia wa miaka ile haukuwa sinema kwa watu wa pwani. Uliathiri bima za meli, bei ya mizigo bandarini na riziki za wavuvi walioogopa kwenda mbali.

Mwongozaji Paul Greengrass aliwatenga waigizaji wa Kisomali na Tom Hanks mpaka siku ya kupiga onyesho la kuvamia chumba cha nahodha, ili wakutane kwa mara ya kwanza kamera zikiwa zinazunguka. Abdi, mwembamba, macho yamemtoka, akamkabili mmoja wa waigizaji maarufu kuliko wote duniani na kumwambia kwamba kuanzia sasa nahodha ni yeye. Maneno hayo hayakuwa kwenye mswada. Aliyatoa mwenyewe palepale, na ndiyo yanayokumbukwa kuliko yote yaliyoandikwa.

Abdi alishinda BAFTA. Hanks hakuteuliwa kwa Oscar. Captain Phillips iliingiza zaidi ya dola milioni 200 kwenye kumbi za dunia. Kwa mujibu wa magazeti ya wakati ule, Abdi alilipwa dola 65,000.

Usiku wenyewe ulikuwa Jumapili, tarehe 2 Machi. Kwa kawaida tuzo hizi zilikuwa zikitolewa Februari, lakini mwaka ule zilisogezwa kupisha Olimpiki ya majira ya baridi ya Sochi. Kwetu ilikuwa Jumatatu saa kumi na nusu alfajiri sherehe ilipoanza katika ukumbi wa Dolby, Ellen DeGeneres akiwa mshereheshaji. Huko Marekani watu zaidi ya milioni 43 walikuwa mbele ya televisheni.

Tuzo ya kwanza ilimwangukia Jared Leto wa Dallas Buyers Club, na hapo safari ya Abdi ikaisha. Baadaye kidogo Christoph Waltz akafungua bahasha ya mwigizaji msaidizi wa kike na kulisoma jina la Lupita. Alikuwa ametimiza miaka 31 siku moja kabla. Alipanda na gauni lake la buluu hafifu, akaanza kwa kusema kwamba hasahau hata dakika moja kuwa furaha yake nyingi imetokana na maumivu mengi ya mtu mwingine. Akamshukuru Patsey. Akamshukuru Solomon. Mwisho akawaambia watoto wote kwamba popote watokako, ndoto zao ni halali. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyosambaa Kenya siku ile na miaka iliyofuata, kwenye hotuba za shule na mabango ya matangazo. Mimi naipenda zaidi ile ya kwanza, maana ndiyo iliyobeba uzito wa kazi aliyoifanya.

Kisha Gravity ikaanza kukusanya. Sauti, uhariri, upigaji picha, muziki, madoido ya picha. Cuarón akawa mtu wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini kushinda tuzo ya mwongozaji bora. Tuzo 7 kwa jumla. Dallas Buyers Club ilipata 3, pamoja na ile ya McConaughey. Cate Blanchett alishinda kwa Blue Jasmine. Frozen ilichukua tuzo ya katuni na ya wimbo. American Hustle, pamoja na kuteuliwa mara 10, ilitoka mikono mitupu.

Halafu Will Smith akafungua bahasha ya mwisho, na filamu bora ikawa 12 Years a Slave, ambayo ilikuwa imepata tuzo mbili tu hadi hapo: ya Lupita na ya mswada uliotokana na kitabu, wa John Ridley. McQueen alirukaruka jukwaani kwa furaha. Filamu iliyoongozwa na mtu mweusi ilikuwa imeshinda tuzo kuu kwa mara ya kwanza katika miaka 86.

Wengi walishangaa filamu yenye tuzo 7 kuzidiwa na yenye 3. Maelezo yamo katika namna ya kupiga kura. Katika makundi mengine, mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Katika filamu bora, mpigakura huzipanga filamu kwa mfuatano, anayoipenda zaidi kwanza, inayofuata pili, hadi mwisho. Isipopatikana iliyovuka nusu ya kura za nafasi ya kwanza, filamu ya mkiani huondolewa na karatasi zake kupewa zile zilizowekwa nafasi ya pili, na kuhesabu huendelea hivyo hadi moja ivuke nusu. Utaratibu huu huisaidia filamu inayoheshimiwa na wengi, hata kama si wote wanaoiweka ya kwanza. Akademia haitangazi hesabu, lakini wiki chache kabla, chama cha watayarishaji, ambacho hutumia utaratibu kama huo, kilitoa sare kati ya Gravity na 12 Years a Slave. Ushindani ulikuwa wa unywele.

Na wapigakura ni nani? Mwaka 2012 gazeti la Los Angeles Times lilifanya uchunguzi wa wanachama wa Akademia na kukuta asilimia 94 ni weupe na asilimia 77 ni wanaume. Umri wa katikati ulikuwa miaka 62. Hao ndio waliompa Lupita tuzo yake. Siitoi hoja hii ili kuipunguza tuzo, kwa maana kazi yake ingesimama mbele ya majaji wowote. Naitoa kwa sababu ya historia. Mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Oscar, Hattie McDaniel, mwaka 1940, alishinda kwa kuigiza mtumwa wa nyumbani, na usiku wa tuzo alikalishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake weupe wa filamu ileile. Octavia Spencer, mwaka 2012, alishinda kwa kuigiza mtumishi wa nyumbani. Lupita, mwanamke mweusi wa sita kushinda katika kundi hilo, aliigiza mtumwa wa shamba. Abdi aliteuliwa kwa haramia.

Miaka miwili iliyofuata, 2015 na 2016, nafasi zote 20 za waigizaji walioteuliwa zilikwenda kwa weupe, kila mwaka. Malalamiko yaliyoanzishwa mtandaoni na April Reign yakawa makubwa kiasi kwamba Januari 2016 Akademia iliahidi kuongeza maradufu idadi ya wanachama wanawake na wasio weupe ifikapo 2020. Na Lupita mwenyewe? Filamu kubwa mbili zilizofuata ushindi wake hazikuonyesha uso wake. Katika Star Wars alikuwa kiumbe kilichochorwa kwa kompyuta, katika The Jungle Book alikuwa sauti ya mbwamwitu. Ilibidi tungoje hadi 2016, Mira Nair alipomwita Kampala kuigiza mama wa msichana bingwa wa sataranji katika Queen of Katwe, ili tumwone tena katika nafasi yenye uzito unaomstahili. Abdi naye alipata nafasi nzuri katika Eye in the Sky, akiwa afisa wa ujasusi wa Kenya anayefanya kazi Eastleigh, ingawa filamu yenyewe ilipigwa Afrika Kusini.

Jambo moja lililopita bila kelele lilinifurahisha kuliko zulia jekundu. Juni 2014 Akademia ilitoa orodha ya watu 271 iliowaalika kuwa wanachama wapya. Kwenye kundi la waigizaji walikuwemo Barkhad Abdi na Lupita Nyong'o. Mzaliwa wa Mogadishu na binti wa Kisumu walikaribishwa kuwa miongoni mwa wanaoamua.

Lakini hata wakipiga kura kila mwaka, hawawezi kuipigia filamu ambayo haikupelekwa. Kila nchi inaruhusiwa kupeleka filamu moja kwa mwaka katika kundi la filamu za kimataifa. Kenya ilianza mwaka 2012 kwa Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga. Tanzania ilipeleka Maangamizi mwaka 2001, kisha ikakaa kimya kwa miaka 21 hadi Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Mwaka 2018 Watu Wote, filamu fupi ya Kiswahili na Kisomali kuhusu shambulio la basi huko Mandera, iliteuliwa, ikiwa kazi ya mwongozaji Mjerumani. Ndani yake Waislamu wanawakinga abiria wenzao Wakristo. Hakuna haramia wa kuchekwa wala mtumwa wa kuhurumiwa. Kumbe hadithi za namna hiyo zinaweza kufika.

Nchi zetu zote zinazosema Kiswahili zinastahili kamati za uteuzi zinazokutana kila mwaka, ziwe na filamu ya kupendeza au ya kujaribu. Sharti mojawapo la kukubaliwa ni filamu kuonyeshwa kwa umma, kwa tiketi za kulipia, siku saba mfululizo. Kwa hiyo, msomaji, filamu ya nyumbani ikitangazwa kwenye ukumbi ulio karibu nawe, usingoje iingie mtandaoni. Nenda wiki hiyohiyo, na ulipe tiketi.